Ushiriki wa Asilimia Nne

Dokta Rifaat alikuwa bado anakula mkate na maharage Shuruq alipoingia, na hakumkaribisha kiti. Katika chuo hiki cha Sohag, kusini mwa Misri, mwanafunzi hakai mbele ya dokta, yaani mhadhiri wake, hata kama miguu imemvimba.

"Asilimia nne," Dokta akasema hatimaye, akamgeuzia kompyuta. "Huo ndio ushiriki wako muhula mzima, binti. Paka wangu akilala juu ya kibodi atapata zaidi."

"Dokta, nimesoma yote."

"Mtambo unasema hukusoma."

Mtambo, eti! Mtambo ungejuaje kwamba kijijini kwao umeme hukatwa kila alasiri, na kwamba nyumba nzima ina simu moja, ya kaka yake Hamdi, anayeondoka nayo alfajiri kwenda kubandika vigae? Tangu masomo yahamishiwe mtandaoni, mwanafunzi ni yule ambaye skrini yake imekaa wazi. Asiyefikisha robo tatu haingii kwenye mtihani. Na Hamdi alishasema: mwaka ukikupotea, chuo basi, unakaa nyumbani.

Shuruq akafungua mkoba, akatoa rundo la karatasi. Masomo yote yalikuwamo, yamechapwa, pembe zimekunjika, kandokando pamejaa penseli yake. Hayo ndiyo aliyokuwa akiwasomea wenzake kwa sauti juu ya paa umeme ukikatika, akirudia na kurudia, mpaka hata Basant, rafiki yake mzito wa kuelewa, akaanza kujibu maswali.

"Niulize lolote, Dokta."

Dokta hakuuliza. Alishika ukurasa wa kwanza kwa vidole viwili vyenye mafuta.

"Haya hufunguka kwa nenosiri la mwanafunzi, na ni marufuku kuyachapa. Umetumia nenosiri la nani?"

Lilikuwa la Basant, ambaye peke yake kati yao ana simu yake mwenyewe. Yeye hufungua, wenzake huchangia karatasi kwenye duka la fotokopi. Akimtaja, wanafukuzwa wote wawili. Na Basant alikuwa pale pale nje, mlango uko wazi nusu, anasikia kila neno. Shuruq akageuka kumtazama. Basant akainamisha uso, akaondoka polepole kuelekea kwenye ngazi.

"Langu," akasema Shuruq.

"Lako lina asilimia nne. Unanidanganya uso kwa uso?"

"Basi nimeyaokota."

"Umeyaokota na penseli yako imo ndani." Dokta akacheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Naona umesoma, nina macho. Lakini nikikuruhusu wewe, mkuu wa kitivo nitamwambia nini? Wizarani anapeleka asilimia, hapeleki penseli zenu."

"Kaka yangu atanitoa chuoni, Dokta."

"Mwakani ufungue skrini."

Akalisukuma rundo ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo. Aliona amemhurumia, maana hakumshtaki.

Hamdi hakupiga kelele. Alisema tu, "Si nilikwambia?" akaendelea kujisugua saruji iliyokauka kwenye kucha. Shuruq akabaki nyumbani; wenzake wakafanya mtihani, wakapanda mwaka.

Oktoba Basant akaja na sinia la keki ya basbusa na simu ya pili.

"Shushu, dada yangu, usinikasirikie. Asubuhi nzima niko mazoezi ya ualimu, masomo sipati kuyafungua. Wewe si upo tu? Yaache yacheze."

Shuruq alitamani kumpiga na lile sinia, wallahi. Badala yake akauliza, "Ni masomo ya mwaka wa tatu?"

"Ya mwaka wa tatu. Rifaat huyo huyo."

Akaipokea simu kwa mikono miwili, na alijichukia kwa furaha aliyoisikia.

Sasa kila asubuhi, Hamdi akishatoka, anaiegemeza kwenye sufuria na kuchambua majani ya mlukhia huku akisikiliza. Wiki iliyopita Basant alisifiwa mbele ya darasa zima kwa ushiriki wake. Mada ya leo ni namna ya kumfundisha mtoto anayechelewa kuelewa, na Dokta amekosea mahali. Shuruq anafungua mdomo kumsahihisha, jikoni hamna mtu. Somo linasimama. Kwenye skrini panatokea swali: Basant, bado upo?

Anajifuta kidole kwenye gauni, anabonyeza: Nipo.