Simu Kwenye Kiti cha Baba

Dereva wa lori alikuwa safarini, lakini kiti chake mezani hakikuwa kitupu. Kila jioni mkewe aliiweka simu pale, akawasha spika, na mume akaombea chakula kutoka huko aliko. Utaratibu huo ni wa mama mkwe. Kichwa cha nyumba ni mwanamume, alisema, na mezani haombi mwingine.

Jioni moja dereva hakupatikana. Wakasubiri. Mchuzi ukaganda mafuta juu, watoto wakaanza kusinzia, na mama mkwe amekaa wima kama askari wa zamu.

Mke akaitazama ile simu. Nyumba nzima kushindishwa njaa na kipande cha plastiki, na Mungu yupo palepale anasikia! Kutwa nzima nyumba hii ilikuwa mikononi mwake. Ikifika sala tu, ndiyo mikono hiyohiyo haifai?

Akasimama. "Mama, nakuheshimu, na mume wangu namheshimu. Ila watoto hawa watakula, na watakula wakiwa wameombewa. Fumbeni macho."

Akaanza na mumewe. Aliombea barabara, akaombea breki, akaomba macho yake yasishikwe na usingizi.

Katikati ya sala simu ikalia. Mama mkwe akaidaka.

"Mtandao ulinisumbua," dereva akasema. "Haya, fumbeni macho niombe."

"Subiri kwanza, mwanangu," mama yake akanong'ona. "Mkeo bado anakuombea."