Nati Tano za Kushoto

Asubuhi nilikuwa naosha nati. Zilikuwa kumi, za magurudumu mawili ya mbio yanayovalishwa nyuma, kwenye kopo la aiskrimu lenye mafuta ya taa kidogo. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, hapa Granville, na ndala za Mama miguuni. Unasugua nati na mswaki wa zamani, unaitoa, unaikausha vizuri na fulana iliyochakaa. Ikibaki na mafuta inadanganya spana. Hiyo nilifundishwa na Tonton Térence.

Namwita Tonton, yaani mjomba, lakini si ndugu yetu wa damu. Yeye na Papa walilala hema moja kwenye kambi ya wakimbizi miaka sita, halafu kila mtu akaletwa Sydney kwa mwaka wake. Papa anaendesha lori la kontena kule Port Botany. Tonton anaendesha fokolifti kwenye bohari moja Ingleburn. Jumamosi wanakuwa watu wengine. Wana gari moja ya mbio, Holden ya mwaka 1972, rangi ya kahawia, wanaiita Shangazi kwa sababu inachelewa kuamka, na ikiamka inapigia kila mtu kelele.

Mbio zenyewe ni za watu wa kawaida wenye magari ya zamani. Mnasimama wawili wawili kwenye mstari, taa inakuwa kijani, mnakimbia moja kwa moja mita mia nne, basi. Shangazi inashindwa karibu kila wiki. Papa hajali. Anasema mtu aliyekaa kwenye foleni ya bandari tangu Jumatatu anataka barabara moja tu ambayo hakuna mtu mbele yake.

Kazi yangu, kwa Papa, ni kuandika muda kwenye daftari. "Wewe vidole vyako ni vya shule," anasema. Lakini mwaka jana nilimwomba Tonton anifundishe spana ya kupima. Mimi siombagi watu vitu. Darasani mwalimu akiuliza swali naangalia meza. Ile spana niliiomba. Ni ndefu, unaipangia nguvu unayotaka, nati ikifika pale inalia tik, unaacha. Tangu hapo tukagawana. Tonton anapandisha gari kwa jeki, anavalisha gurudumu, anazungusha nati kwa vidole mpaka zikae, anashusha jeki. Halafu mimi napita na spana ya kupima, nati moja, kisha inayotazamana nayo, kisha nyingine, kama unachora nyota. Tulikuwa tunafanya hivyo Papa akiwa amekwenda kunywa chai na wazee wenzake.

"Siku moja tutamwambia," Tonton alisema. "Siku akishinda, akiwa na furaha."

"Basi hatutamwambia."

Tonton alicheka mpaka akashika mgongo.

Leo tulifika uwanjani saa tatu. Mkaguzi ni mama mmoja wa Kizungu anaitwa Glenys, nywele nyeupe, mikono kama ya fundi. Alitazama kofia ya Papa ndani na nje, akapapasa koti lake lisiloshika moto, akatikisa betri, akavuta mkanda kwa mikono miwili kama anafunga mzigo. Akaandika namba yetu kwenye kioo kwa chaki. Wakati ule Shangazi ilikuwa bado na tairi za barabarani. Tairi laini za mbio tunavalisha baadaye, chini ya hema yetu.

Tukaanza nyuma kulia. Tonton akashusha jeki, mimi nikapita. Tik, tik, tik, tik, tik. Tukaenda kushoto. Tonton akazungusha nati kwa vidole, akashusha jeki, akaenda kumimina petroli. Niliweka spana kwenye nati ya kwanza.

Ndiyo hapo Maman Spéciose alitokea na watu wanne wa kanisa, beseni la mandazi kichwani, kitenge cha ndege wa kijani. Walikuwa hawajawahi kuja. Papa naye alikuwa anarudi mbio, anavaa koti, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimeita kundi letu.

"Gratien!" Maman Spéciose akamwita Papa. "Unaingia ndani ya hiyo kitu bila maombi? Shikaneni mikono! Haraka, haraka, Mungu ana haraka kuliko hiyo gari yenu!"

Akanishika mkono. Mkono uleule wenye spana. Nikaiweka chini.

Alisema haraka, lakini aliombea injini, na gia, na petroli, na makaratasi ya mdogo wake aliye bado Bukavu, na magoti ya mchungaji. Nilikuwa nimefumba macho, nasikia kipaza sauti kinatuita mara ya pili. Kichwani nilikuwa nasema bado, bado, bado. Ni neno dogo. Silabi mbili. Watu sita walikuwa wamenyamaza, Papa amefumba macho, na mimi ningekuwa ndiye mtoto aliyekata sala ya mtu mzima. Nikangoja Amina.

Amina ilipokuja Papa alikuwa tayari ndani, anafunga mkanda. Shangazi ikaunguruma. Tonton, upande ule mwingine, aliona spana iko chini. Akaniinulia kidole gumba, na nyusi juu. Alikuwa ananiuliza.

Wote walikuwa wananiangalia. Nikainua changu.

Nilijiambia Tonton ana vidole vya chuma. Nilijiambia ni mita mia nne tu.

Kabla ya mstari magari yanachoma tairi kwanza, zinazunguka palepale kwenye maji mpaka moshi utoke, ili zishike barabara. Shangazi ikatoa moshi wake, watu wa kanisa wakapiga vigelegele. Upande wa pili alikuwa mzee mmoja na pikapu nyekundu. Taa ikawa kijani. Kwa mara ya kwanza Papa akatoka mbele.

Alikuwa amefika labda mita themanini. Gurudumu la nyuma kushoto likaanza kuyumba kama mtu mlevi, halafu likatoka. Papa, aliyetaka barabara isiyo na mtu mbele yake, akapitwa na gurudumu lake mwenyewe. Likaruka mara mbili, likavuka uzio mdogo, likaenda kulala kwenye nyasi karibu na ambulensi. Shangazi ikakaa chini, chuma kikasaga lami, cheche nyingi, ikageuka ubavu na kugonga ukuta wa zege. Haikugonga kwa nguvu sana. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa kontena.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshika daftari.

Papa akatoka mwenyewe, amejishika mkono wa kulia. Kofia ina mkwaruzo mrefu pembeni. Mkanda ulimshika vizuri. Daktari wa ambulensi alisema hivyo: bila mkanda ule na kofia ile tungekuwa tunaongea kitu kingine. Kifundo cha mkono ndicho kilivunjika, kwa sababu alikazana na usukani.

Glenys alitembea barabara yote polepole, ameinama. Akarudi na nati nne kwenye kiganja. Moja aliiokota palepale tulipochomea tairi, maana yake ilikuwa imeanza kutoka hata kabla ya mbio. Akatuonyesha gurudumu la kulia, nati zote imara. Kushoto, skrubu zilikuwa zimekatika na nyuzi zimelika.

Akanigeukia, maana Papa anajua Kiingereza cha bandarini lakini akiumia kinamtoka chote.

"Muulize baba yako nani alikaza gurudumu hili."

Mimi ndiye mkalimani wa nyumba. Benki, hospitali, barua za nyumba, mimi. Nasemaga maneno ya watu wengine vizuri sana. Nikamgeukia Papa.

"Anauliza nani alikaza gurudumu."

"Térence," Papa akasema, meno yamebana. "Ni nani mwingine? Mwambie ni Térence."

Tonton alikuwa amesimama pale. Aliniangalia kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama mvua inakuja. Kisha akaangalia chini.

"Ni mimi," akasema.

Na mimi nikamwambia Glenys kwa Kiingereza: ni Térence. Nilitamka jina lake kabisa.

Glenys hakugomba. Aliandika jina kwenye karatasi, akasema kamati itakaa Jumanne, na mpaka hapo Térence haruhusiwi kugusa gari yoyote uwanjani, labda na baada ya hapo. Kisha akaketi kwenye tairi, akasema jambo ambalo nililitafsiri pia, neno kwa neno. Alisema mara nyingi kosa si la chuma, ni la mtu aliyeitwa akiwa katikati ya kazi. Yeye mwenyewe zamani kifuniko cha injini kilimfungukia mbioni, kikamfunika kioo chote, kwa sababu alipokuwa anakifunga mtu alimletea chai. "Ukikatizwa, usiendelee pale unapofikiri uliacha. Legeza zote, anza na ya kwanza. Na kila nati uliyomaliza ipige alama, ili asiyekuwepo aone kwa macho, asiulize." Akatoa kalamu nene ya rangi ya njano mfukoni, akanipa mimi.

"Shika wewe. Naona wewe ni mtu wa kuangalia."

Hospitali tulikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Papa amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, wiki sita. Nyumbani alikaa kwenye kochi, akaniambia nimpigie Térence, niweke sauti kubwa kwa sababu hawezi kushika simu.

"Térence."

"Ndugu yangu. Mkono?"

"Uache mkono wangu. Nilikupa roho yangu uifunge na nati tano. Nati tano, Térence! Siyo mia."

Papa akasogeza kichwa karibu na simu.

"Weye husemi kitu?"

"Niseme nini, Gratien."

"Basi usikanyage hapa tena. Shangazi nitaiuza kwa vyuma. Na weye usikanyage hapa."

"Sawa," Tonton akasema. Kisha akauliza, "Mtoto amekula?"

Papa akaniashiria nikate simu.

Maman Spéciose ndiye aliyeleta chakula, sombe ya majani ya muhogo na bugali. Mama yuko shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, alisema atatafuta mtu wa kumbadilisha kesho. Papa akala kwa mkono wa kushoto, akaenda kulala. Mimi na Maman Spéciose tukaosha vyombo.

"Mungu alimlinda," akasema. "Umeona lile gurudumu? Lingeweza kuua mtu."

"Maman," nikasema. Nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Kama mtu hajamaliza kazi, na watu wanaanza kuomba, anafanyaka nini?"

"Anasema bado."

"Katikati ya sala?"

"Kwani nini? Mi nasimamaka kanisani saa tatu nzima na viatu vya kubana, ningeshindwa kungoja dakika mbili? Na Mungu je, angepata baridi?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akafunga bomba. "Nani alikuwa hajamaliza?"

"Hapana. Nauliza tu."

Aliniangalia muda mrefu, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nsimire, swali la mtu anayeuliza tu halitoagi machozi," akasema. Akachukua beseni lake, akaenda.

Sasa nyumba imenyamaza. Kuna ukuta mmoja tu kati ya chumba changu na cha Papa, ninamsikia akigeuka kitandani, plasta inagonga mbao. Tuna kundi la watatu kwenye simu, linaitwa Shangazi: Papa, Tonton, mimi. Kawaida mimi natuma muda tu. Sekunde kumi na sita nukta nne. Sekunde kumi na sita nukta tisa. Wao ndio wanaandika matusi yao na vicheko.

Niliandika kwa Kiingereza kwanza. Nikafuta. Kwa Kiingereza ilionekana kama barua ya shule, kama kuna mtu mwingine amekosa na mimi naeleza. Nikaandika hivi:

"Papa, Tonton. Nati za kushoto ni mimi. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninakaza na spana ya kupima, mimi ndiye nilimwomba Tonton anifundishe. Leo kulia nilimaliza. Kushoto nilikuwa naanza, wakasema tuombe, nikaweka spana chini. Tonton aliniuliza kwa kidole na mimi nikajibu tayari. Haikuwa tayari na nilijua. Glenys alipouliza, nilitaja jina la Tonton na nilijua pia. Kesho nitamwandikia Glenys mwenyewe kabla ya Jumanne. Papa, usimfukuze Tonton. Na siku nyingine nikisema bado, tafadhali mningoje."

Kalamu ya njano iko hapa juu ya meza. Niliifungua, nikapiga alama kwenye ukucha wa kidole gumba, nikatuma.

Simu ya Papa ikalia upande wa pili wa ukuta. Kitanda kikalia. Chini ya mlango wake taa ikawaka, nikaona mwanga kwenye sakafu ya korido.

Tiki mbili zikawa za bluu. Kwenye kundi la watatu zinakuwa bluu wote wakishasoma. Juu pakaandikwa kwamba Tonton anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena, pakafutika.

Taa ya Papa ikazimika.

Ni saa saba na dakika arobaini usiku. Nimeweka simu kifudifudi, nikaigeuza tena. Bado hakuna aliyejibu.