Futi Ishirini na Nne

Kila mwezi wa sita, kabla ya mvua, mpimaji wa serikali aliyeitwa Tarlok alifika kwa Gurmej Kaur, akafunua bati la kisima cha zamani na kuteremsha utepe wake. Mwaka huu utepe ulienda, ukaenda, ukazidi kwenda.

"Futi mia na thelathini, mama."

Gurmej hakumsikia. Alikuwa anasikiliza kikohozi. Miaka thelathini sasa marehemu mumewe, Bachittar, alikuwa akikohoa mle ndani mchana kweupe, kikohozi kifupi cha mtu anayengoja kupewa spana. Mke wa mwanawe akimwona ameinamia ukingo humtania: "Vipi mama, baba kaagiza chai?"

Bachittar alifia humo, mwezi wa sita wa mwaka tisini na tatu. Maji yalikuwa yameshuka na kuikimbia pampu iliyofungwa mle ndani, akashuka kuiteremsha iyafuate, hewa mbaya ikamlaza palepale. Alishuka kwa ubishi wake, ndivyo Gurmej alivyowaambia watu. Kumbe Bachittar alitaka kungoja mvua. Gurmej ndiye aliyemfokea: "Mpunga unaungua, nawe umekaa kama bwana harusi! Shuka!"

"Daftari lako linafika mwaka tisini na tatu?" aliuliza.

Tarlok alilamba kidole, akafunua kurasa. "Mwezi wa sita, futi thelathini na moja. Mwezi wa kumi, ishirini na nne."

"Yalipanda?"

"Mvua ilikuwa ya neema mwaka ule. Yaliifuata pampu hukohuko juu ilikokuwa. Siku hizo maji yalikuwa bado yanajua kurudi."

Miezi minne tu, Gurmej alihesabu, na mumewe asingehitaji kushuka.

Adhuhuri alimpakulia mwanawe, Jagsir, roti na dengu. Akasimama mbele yake.

"Mimi ndiye niliyemtuma baba yako kisimani. Yeye alitaka kungoja."

Jagsir aliendelea kumega roti. "Najua, mama. Baba mdogo ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Alisikia yote."

"Akamwambia nani?"

"Hakumwambia nani?"

"Na wewe hukuniuliza!"

"Ningekuuliza nini?"

Akamaliza kula, akanawa, akaenda shambani kuwaonyesha wachimbaji mahali pa kutoboa kisima kipya, cha futi mia tatu. Gurmej alibaki na sahani mkononi, akiwakumbuka mmoja mmoja wote waliomwamkia hekaluni miaka yote hiyo, na jinsi walivyomtazama.