Kichwa cha Kulifaa Boksi la Kaka

Mume wangu amepiga besi kwenye bendi moja kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia. Sisemi kwa uchungu, naeleza tu. Kila Jumamosi mchana nilikwenda ukumbini, nikakaa meza ya mbele, nikaona vidole vyake vinatembea, na masikioni nikaletewa tarumbeta, ngoma, gitaa na mwimbaji. Bendi nzima inamwita Nguzo, kwa sababu akishaanza kupiga hasogei, hatikisi kichwa, hatabasamu. Mgeni anaweza kumtundikia koti.

Kisa cha kutosikika ni kwamba hakuwa na ampli yake, ile mashine ya kukuza sauti. Alikuwa akichangia ndogo ya mpiga gitaa, wakaishi humo wawili kama wapangaji wenye choo kimoja, na mwenye ampli ndiye aliyekuwa na haki ya kutangulia. Nguzo hakulalamika. Yeye ni mtu wa kusogea ukutani akipishana na paka.

Halafu akaja mpiga kinanda mpya. Siku moja, wakijaribu vyombo, kijana wa watu akaanza kujipigia besi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na shughuli zake. Ilisikika mpaka jikoni. Kiongozi wa bendi ni muungwana, hamgombezi mtu mbele ya wenzake, kwa hiyo alimwita mume wangu pembeni na kumweleza kwa upole kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi ataamua. Ama asikie besi kutoka kwa mpiga besi, ama nafasi hiyo iende kwa mkono wa kushoto.

Nguzo alinipa habari hizo akivua viatu.

"Ningeshindwa na mtu ningeelewa," alisema. "Nimeshindwa na mkono."

Niliumia. Siku za kazi mume wangu anauza vipuri vya baiskeli, na baiskeli hazipendi wala hazichukii. Besi ndiyo kitu pekee nilichowahi kumwona akikifuta vumbi bila kuambiwa. Nikamwambia tutatafuta ampli, na akaniangalia kama nimesema tutatafuta ndege.

Ampli kamili, yenye spika zake ndani, tuliuliza bei mara moja tukatoka dukani bila kuaga. Lakini mpiga ngoma alitueleza kwamba vitu hivyo vinaweza kununuliwa vipande vipande: boksi lenye spika peke yake, na mashine ya kulisukuma peke yake, ambayo wenyewe wanaiita kichwa. Spika nne zilizotumika Nguzo alizipata kwa bei ya huruma. Boksi, nikasema, atatutengenezea kaka yangu. Hapo ndipo nilipoharibu mambo, nakiri.

Kaka yangu ni seremala wa majeneza. Ni fundi kwelikweli, hilo hata maadui zake wanakubali. Alilichukua jambo la boksi kwa uzito, akauliza vipimo mara tatu, akakataa malipo, na baada ya siku tisa akalileta mwenyewe juu ya mkokoteni. Lilikuwa refu, jeusi, limepigwa vanishi mpaka unajiona, lina vishikio vya shaba ubavuni. Jirani yetu alipoliona likiingizwa ndani alivua kofia. Nguzo alilizunguka mara mbili na kusema, "Shemeji, hili litanizika." Kaka alishukuru.

Kilichobaki kilikuwa kichwa. Tulikwenda kwa mwenye duka la vyombo vilivyotumika, mwanamume mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara. Alitutolea vichwa vitatu vilivyolingana na uwezo wetu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa cha wati mia tano, kizito, kimekwaruzwa kila upande. Cha pili kilikuwa kidogo cha wati mia tatu, chepesi kiasi cha kubebwa kwapani. Cha tatu ni cha zamani, cha taa za kioo zinazowaka ndani, kizuri kukiangalia, lakini mwenye duka mwenyewe alitusihi tusikiguse kama hatuna pesa ya kununua taa nyingine zikifa. Akatuuliza boksi letu lina omu ngapi.

Hatukujua. Alieleza kwa subira kwamba omu ni jinsi boksi linavyoukataa umeme. Likikataa mno, kichwa kinapayuka na hakuna kinachotoka. Likikubali mno, kichwa kinaungua. Nguzo akampigia simu kaka yangu na kumuuliza. Kaka alijibu kwamba ametumia mbao kavu.

Kesho yake tukalipeleka boksi lenyewe. Mwenye duka aliliangalia, akauliza kama tumefiwa, nikamwambia bado. Nguzo akachomeka gitaa lake la besi kwenye kile kidogo. Kikatoka kitu kama mtu anakoroma nyumba ya tatu. Akahamia kile kikubwa cha wati mia tano, akafungua sauti mpaka mwisho, na nyumba ya tatu ikawa ya pili. Mwenye duka aliona aibu kwa niaba ya bidhaa zake. Alipiga kile kikubwa kofi, akachukua mita, akagusisha ncha zake mbili kwenye tundu la boksi, akasoma, akabadilisha betri ya mita, akasoma tena.

"Nani aliunga hizi spika?" aliuliza.

Nikasema ni kaka yangu. Akapandisha miwani ya machoni kiparani, akavaa ile iliyokuwa kiparani. Alisema boksi la kawaida lina omu nne au nane, na hili lina thelathini na mbili. Spika zote nne zimeungwa kwa mstari mmoja, umeme unaingia ya kwanza, unatoka unaingia ya pili, mpaka ya nne, na kila moja inakula njiani. Kichwa chochote tutakachonunua, hata tungeuza nyumba, kitachoka kabla ya kufika. Dawa yake ni ndogo. Tufungue boksi, tuunge mbili mbili, tupate nane, na hapo kile kidogo cha wati mia tatu kitatosha na kubaki, maana spika zenyewe haziwezi kubeba zaidi ya hapo.

"Skrubu zake ziko wapi?" akauliza, akilizunguka.

Hapakuwa na skrubu. Spika zilikuwa zimefungwa kutoka ndani, mgongo umegandishwa kwa gundi, misumari imezamishwa na kuzibwa, na vanishi imepita juu ya yote. Kaka yangu hajawahi katika maisha yake kutengeneza kitu kinachohitaji kufunguliwa tena.

Tulimwita. Alifika na nguo za kazi, akasalimia kila mtu, akasikiliza shauri lote bila kukatiza. Kisha akasema yeye ana miaka ishirini na mbili kazini na hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. Mwenye duka alisema analiamini hilo. Kuhusu nyaya, kaka alisema aliziunga kwa foleni makusudi, kila spika ipokee kutoka kwa mwenzake, isiwepo ya kujipendelea. Aliona ndiyo haki. Kuhusu kufungua, alisema mwenye kutaka kulifungua atafute shoka na amsubiri yeye aondoke kwanza.

Nguzo, kama kawaida yake, alikuwa ameshaanza kukubali. Alisema basi, labda achukue kile kikubwa, labda kitazoea. Kuzoea! Nilimwona amesimama pale na gitaa shingoni, anawapisha watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyemwomba njia, nikamgeukia ndugu yangu.

"Kaka," nikasema, "Jumamosi mume wangu anafukuzwa. Hafukuzwi kwa kosa. Anafukuzwa kwa sababu hasikiki. Wewe umemtengenezea kitu kizuri cha kutosikika nacho."

Kaka yangu alitazama chini. Tulilelewa pamoja, tukalala kitanda kimoja mpaka miguu ikazidi, na nilikuwa sijawahi kumsema kazi yake. Alitoka nje. Nikadhani amekwenda zake. Akarudi na msumeno.

Alikata mwenyewe, mgongoni, kwa mstari ulionyooka, taratibu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ubao ulipotoka sote tuliinama kuangalia. Ndani kulikuwa kumetandikwa satini nyeupe, ile nzito, imekunjwa marinda madogo madogo na kujazwa pamba chini yake, pande zote mpaka kwenye pembe. Mimi ni fundi cherehani, najua yale marinda yanachukua muda gani. Najua pia ile satini ni ya majeneza ya watu wenye uwezo. Wengine wote wanawekewa shiti. Alikuwa ameitandika mahali ambapo, kwa akili yake, hakuna jicho la binadamu litakaloiona. Nilitamani kumwomba radhi papo hapo, lakini nikashika tu kipande cha marinda na kusema kimeshonwa vizuri.

"Ni kwa ajili ya mlio," kaka alisema. "Nilifikiri hautapenda kugonga mbao tupu."

Mwenye duka alisema amefikiri sawasawa, kwamba hata viwandani huweka kitu laini ndani, ingawa si satini. Hilo lilimrudishia kaka yangu rangi usoni. Nyaya zikakatwa, zikachomelewa upya mbili mbili, mita ikasoma inavyotakiwa. Kaka alirudisha mgongo, safari hii kwa skrubu kumi na mbili, akizikaza kama mtu anayetia saini asichokubaliana nacho. Nguzo akachomeka gitaa kwenye kile kichwa kidogo cha kwapani, akafungua sauti robo, akagusa uzi mmoja. Miwani ya mwenye duka ilianguka kutoka kwenye kipara.

Tukalipa, tukaondoka nacho.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kiongozi alitaka nyimbo tatu kabla watu hawajaingia. Wa kwanza ulikwenda vizuri. Besi ilipita chini ya meza, ikatikisa vijiko, mpishi akatoka kuangalia. Mpiga kinanda aliutia mkono wake wa kushoto mfukoni bila kuambiwa. Mimi nilikaa na mikono mapajani, nikajiona mjinga kwa furaha.

Wa pili ndio uliotusimamisha. Ulianza kama unavyoanza siku zote, halafu, baada ya ubeti wa kwanza, besi ikaacha njia. Ilipanda mahali besi haipandi, ikajibizana na mwimbaji, ikamtangulia, ikamsubiri kwenye kona, ikamcheka kidogo. Nimeolewa na mtu huyo miaka kumi na tisa na sikujua kwamba ana maneno mengi hivyo. Mpiga tarumbeta alisahau zamu yake. Kiongozi akainua mkono na wote wakanyamaza.

"Nguzo, hiyo umeitoa wapi?"

"Ndiyo ninayopiga siku zote," mume wangu alisema.

"Tangu lini?"

Nguzo alifikiri. "Tangu mwaka wangu wa tatu hapa, hivi. Hakukuwa na wa kuniuliza."

Kiongozi alikuna kidevu muda mrefu, na nadhani alikuwa akihesabu Jumamosi. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba ni nzuri, ni nzuri sana, lakini watu wanakuja kucheza, na miguu inataka kujua itatua wapi. Ampigie ya kawaida. Nguzo akasema sawa. Wakarudia, akapiga ya kawaida, nzito, ya kuhesabika, na ilisikika ukumbi mzima. Wa tatu vilevile. Kiongozi akampa mkono, nafasi ikabaki yake, na kaka yangu, aliyekuja kukagua skrubu, akamkumbatia kila mtu akiwemo mpiga kinanda.

Njiani kurudi nilimuuliza Nguzo kuhusu ile nyingine. Alisema imekwisha, ilikuwa ya mtu asiyesikika. Alilisema kwa utulivu kabisa, na hata hakuonekana kusikitika. Mimi ndiye niliyesikitika. Nilikuwa nimepigana na kaka yangu kumtafutia mume wangu sauti, na kazi ya kwanza ya hiyo sauti ilikuwa kumnyamazisha. Wiki nzima nilishona nguo za watu kwa hasira, na wawili wakaja kulalamika kwamba zinawabana.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Alipiga wimbo wa kwanza kama alivyoagizwa, watu wakainuka, miguu ikajua pa kutua. Akapiga wa pili, wa tatu, wa nne. Wakati wa tano unaanza nikamwona, bila kusogeza mwili, ananyoosha mkono nyuma na kuzungusha kitufe cha sauti kwenye kile kichwa kidogo. Alikirudisha karibu na sifuri. Hakuna aliyegeuka. Ngoma ziliendelea, tarumbeta iliendelea, wachezaji hawakukosea hata hatua moja, na vidole vyake vikaacha njia.

Nikabeba kiti changu, nikapita pembeni ya jukwaa, nikakaa na sikio kwenye boksi.