Sura ya Kufunga na Kukaza

Wale mawifi wawili walikuwa na utaratibu wa kazi ambao mtu mwingine angeuita wazimu. Mmoja alikaa sebuleni, mikono mitupu, mgongo kaupa ukuta wa jikoni. Mwenzake alisimama jikoni na kikaratasi, mdomo kwenye kidirisha cha kupitishia vyakula. Wa jikoni alisoma maneno ya Kiswahili, na wa sebuleni alitakiwa kuyarudisha kwenye Kiingereza yalikotoka bila kudokezwa. Akiyarudisha, kikaratasi kiliingia kwenye boksi la viatu. Akishindwa, kilichanwa palepale. Sheria ilikuwa moja na haikuwa na rufaa: maneno yakishindwa kurudi, kosa ni la aliyeandika, si la anayesikiliza.

Sheria hiyo aliitunga wifi mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Kamusi. Alikuwa mkalimani maisha yake yote, mahakamani na kwenye mikutano ya wakubwa, na alipostaafu akagundua kwamba hiyo kazi ya kustaafu haiwezi. Wifi mdogo alikuwa amefundisha sekondari mpaka hata wauza nyanya wakamwita Mwalimu. Mume wake, mdogo wake Kamusi, alipofariki, watu walitegemea mawifi watagawana vyombo kila mtu ashike njia yake. Wao wakagawana kazi. Waliamua kuandika kitabu cha nahau za Kiingereza na maana zake kwa Kiswahili kinachosemwa na watu, si kile cha kusomewa wageni rasmi.

Sasa walikuwa wamefika sura ya mwisho, ya nahau za kumaliza jambo na kulifunga lisiponyoke. Hapo ndipo Waingereza walipowatoa jasho. Hawa watu hawamalizi shughuli wakaenda kulala kama binadamu wengine. Wanaipigilia misumari, wanaishona, wanaifunga kwenye karatasi ya zawadi, halafu eti wanaipangusa na vumbi. Mwanzoni mwa sura ilikuwa raha tupu. Walipofikia "in the bag", yaani jambo ambalo una hakika limeshakuwa lako kabla hata halijaisha, Kamusi alivunja utaratibu wao, akapiga kelele kutoka sebuleni, Mwalimu hata hajaandika, kwamba hiyo haina mjadala, ni kutia kibindoni. Alicheka hadi akashika mbavu, akamwambia wifi yake ashukuru kuolewa kwenye ukoo wenye akili.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo. Kwa "tie up loose ends" Mwalimu aliandika "kumaliza viporo vya kazi", akasoma, akangoja. Hatimaye ikaja sauti ya Kamusi ikimwambia achane. Akaandika tena, "kukusanya vijambo vilivyobakibaki". Achane. Akazunguka, akaongeza, akapunguza, na kila mara jibu ni lile lile. Vikaratasi vilivyokuwa vikipita kwa wingi vikawa vinapita kimoja kimoja, na mwishowe boksi la viatu likakaa vile vile wiki nzima.

Mwalimu hakumlaumu mtu. Sheria ilishasema kosa ni la nani. Aliona Kiswahili chake kimepauka tangu aache kufundisha, akawa anasoma magazeti kwa sauti huku akikuna nazi, na sokoni anawatega wauzaji waseme ili asikie watu wanavyosema. Mchapishaji alipopiga simu kuuliza wamefika wapi, alimpa uongo wa heshima kwamba wanakaza skrubu za mwisho. Kamusi, aliyekuwa akisikiliza, hakuongeza hata utani.

Asubuhi moja Mwalimu alichoka kujilaumu. Akatia mkono ndani ya boksi, akatoa kile kikaratasi cha kibindoni, akakisoma kwenye kidirisha kana kwamba ni kipya.

Kiti cha sebuleni kililia.

"Hiyo kaandika nani?" Kamusi akauliza. "Mtu anatia nini, wapi? Chana, wifi, unanichosha."

Mwalimu hakukichana. Alishika ukingo wa sinki. Kumbe Kiswahili chake kilikuwa kizima. Kilichokuwa kinaharibika kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ile sheria ndiyo iliyokuwa imekifunika muda wote. Angesema? Kumwambia Kamusi kwamba maneno yanamtoka ni kumnyang'anya jina lake. Asiposema, wataendelea kuchana mpaka kitabu kiishe vipande vipande, na yule mwanamke abaki peke yake na hofu yake pale sebuleni. Mwalimu alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kumwambia. Lakini mapenzi hayakumpa jibu, yalimpa woga.

Ndipo akafanya ujinga. Alikata gazeti la zamani vipande vya ukubwa uleule, akaviweka karibu na sinki. Kamusi akisema chana, Mwalimu anachana gazeti kwa kishindo, na kikaratasi chenyewe kinaingia kimyakimya kwenye boksi. Boksi likaanza kujaa. Alijiambia kwamba hamdanganyi mtu, anaokoa kitabu, na nusu ya hayo ilikuwa kweli.

Ilimwendea vizuri kwa siku chache. Halafu, katikati ya kuchana, akasikia ndara zikiburuzwa. Kamusi alisimama mlangoni mwa jikoni, mahali ambapo wakati wa kazi hakuwa akikanyaga.

"Hilo ni gazeti, wifi," akasema. "Karatasi yetu hailii hivyo."

Sikio la mkalimani lilikuwa bado zima. Kamusi alivuta kigoda, akaketi, akatazama lile boksi lililojaa vitu alivyoamuru vichanwe. Mwalimu alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili.

"Mimi nilijua kabla yako," Kamusi akasema. "Neno nalisikia liko hapo hapo, nalifuata, naukuta mlango umefungwa. Nikisema chana, kosa linakuwa lako. Nilikuona unasoma magazeti kama mwanafunzi aliyefeli, na bado nikasema chana. Nisamehe. Nilishindwa kukubali kwamba mwenye kosa ni mimi."

Mwalimu alilia pale pale, bila kujificha. Kamusi alimwacha alie, kisha akamuuliza kama machozi hayo ni ya huruma au ya kufurahia kwamba Kiswahili chake hakina tatizo. Ya vyote viwili, Mwalimu akajibu, na ilikuwa kweli.

Ni Mwalimu aliyetoa wazo la kubadilishana viti. Kamusi alinuna kidogo, akasema ameshushwa cheo nyumbani kwa marehemu mdogo wake, halafu akakubali. Ikawa yeye ndiye anasimama jikoni na kitabu cha Kiingereza kimefunguliwa mbele yake. Kuliita neno kutoka gizani kulikuwa kumemshinda, lakini akiliona limeandikwa, Kiswahili chake kilimiminika. Sebuleni Mwalimu alikaa mikono mitupu akirudisha kikaratasi kimoja baada ya kingine, na kila alichorudisha kilipokelewa jikoni kwa mguno wa ridhaa. Kwa mara ya kwanza alijua kiti kile kinavyomtisha mtu.

Siku ya mwisho vilibaki vikaratasi vichache. Mwalimu alivirudisha vyote. Akasikia kifuniko cha boksi kikiwekwa, akajua wamemaliza, lakini Kamusi alikuwa bado kwenye kidirisha.

"Siku nitakapoanza kutoka bila kujua ninakokwenda, funga geti," ikaja sauti yake, pole pole. "Chumba changu usikifunge."

Mwalimu alifumba macho akatafuta. Alipita kwenye misumari, kwenye kushona, kwenye kamba na vifungo, sura nzima mwanzo mpaka mwisho. Hakukuta kitu. Akamwomba arudie. Kamusi akarudia, neno kwa neno.

"Hairudi," Mwalimu akasema. "Chana, wifi, uandike upya."

Jikoni hapakusikika mchano wowote.

"Hiyo haina Kiingereza," Kamusi akasema. "Hiyo ni yangu."

Mwalimu alibaki ameutazama ukuta wa mbele, mikono mapajani. Alitaka kusema mambo hayatafika huko, na akajua huo ungekuwa uchanaji mwingine wa gazeti.

"Nimesikia, wifi," akasema. "Geti tu."