Wageni Watatu wa Bi Mwanne

Bibi yangu, Bi Mwanne, huniita mume wake, nami humwita bi harusi. Kwetu Magomeni bibi na mjukuu ni utani mtupu. Kwa hiyo aliponiambia kwamba ukingoni mwa kitanda chake wameketi wanaume watatu wenye kofia nyekundu, kila mmoja kimo cha birika, nilicheka.

"Bi harusi! Unaniingizia wanaume mchana kweupe?"

"Na hawasemi, Rajabu. Wananitazama tu."

"Aibu hiyo. Wamefumaniwa na mwenye mke."

Akacheka mpaka akapaliwa. Basi kila asubuhi, kabla sijaenda kunadi viatu vya mitumba Mchikichini, nikawa nawapigia hodi wageni na kuwamiminia kahawa, vikombe vitatu. Siku moja akasema, "Mume wangu, leo sitanii." Nikamjibu, "Mke akisema hatanii, ujue anataka kanga." Nikajiona hodari.

Tukaendelea hivyo wiki sita. Alipoanza kuyumba akienda msalani, ndipo nikampeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, alinionyesha picha ya kichwa. Kwenye shina la ubongo palikuwa na uvimbe kama punje ya kunde. Ni nadra, alisema, lakini uvimbe ukikaa pale, mtu anaweza kuona watu wasiokuwepo, waziwazi kabisa. Angeletwa mapema wangejaribu kuupasua. Sasa hapana.

"Alianza kuwaona lini?"

Nikamwambia.

"Na hukumleta?"

"Nilidhani ananitania."

Daktari akaiweka picha kando. Tukaenda wodini, akainama kitandani kwa bibi.

"Bibi, wale wageni hawapo. Ni ugonjwa tu."

Bibi akakunja uso. "Hawapo vipi? Mbona mjukuu wangu aliwapa kahawa?"

Daktari akanitazama. Bibi naye akanitazama, muda mrefu, kama mtu anayekagua noti.

"Na wewe je, mume wangu? Upo kweli?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi sema. Wale hawasemi."

Mimi, ambaye nikinadi viatu hata walio ng'ambo ya barabara wanageuka! Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka, machozi yakatangulia. Bibi alisubiri, maskini, alisubiri kweli. Kisha akageukia ukuta.

"Haya, daktari," akasema taratibu. "Wamekuwa wanne."