Taa Zilizovishwa Shela

Shemeji yangu Melis alizifunika taa za gari kwa shela la harusi la dada yangu. Sitanii. Ni shela lile lile jeupe alilovishwa Sonun siku alipoingizwa kwa kina Melis. Melis alilitoa sandukuni, akazibana ncha zake chini ya boneti likaning'inia mbele ya gari la Baba, kisha akasimama uani mikono kiunoni akingoja majirani wajae.

Majirani wa Naryn, mji wetu wa milimani, hawahitaji kuitwa mara mbili. Kwetu mtu akionyeshwa kitu kipya, awe bibi harusi, mtoto mchanga au hata ng'ombe, lazima atoe korumduk, zawadi ya macho, na hakuna anayethubutu kutazama mikono mitupu. Lakini korumduk ya balbu ilikuwa haijawahi kusikika. Watu walikuja kuona kioja zaidi kuliko kuona taa.

"Haya wazee wangu, tayarisheni mifuko," alisema Melis. "Taa ya zenoni imekufa. Sasa ni zama za LED."

"Imekufa kwa ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Uzee, shemeji. Huo huo unaokusumbua wewe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Shemeji hutaniwa na shemeji hutania, na hakuna ruhusa ya kununa. Kwa miaka saba nimeitumia ruhusa hiyo mpaka imechakaa. Nimemwita bwana harusi wa kudumu, kwa sababu toka amuoe Sonun hajaacha kukaa kama mgeni anayengoja kuandaliwa. Nimemwita fundi wa simu, kwa sababu kila gari likiingia karakana yeye hutoa simu kutafuta video, na video ikifunguka mimi nimeshanawa mikono.

Jina langu ni Uulbolsun. Baba na marehemu Mama walipopata binti wa nne walimpa jina la kuombea: wa kiume na aje. Hakuja. Basi Baba, fundi umeme wa magari anayejulikana toka hapa hadi mpakani, akanikabidhi koleo nikiwa na miaka tisa, maana hakuwa na mwingine wa kumkabidhi. Sasa nina thelathini na nne. Macho ya Baba yamefunikwa na mtoto wa jicho, na katika karakana ile nyuma ya nyumba kazi za mikono ni zangu, za mdomo ni za Melis. Mtaa mzima ulikuwa na swali moja tu: Baba akipumzika, ufunguo utakwenda kwa nani. Mimi nilikuwa na swali hilo usiku na mchana, na sikumwambia mtu.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la zamani, usukani upande wa kulia. Kule Japani magari hupita kushoto, kwa hiyo taa zake huelekeza mwanga upande ule ambao sisi tunapishana na watu. Baba hakuweza kuvumilia ujinga huo. Alizifungua, akakata kipande cha bati la kopo la chai, akakichonga siku mbili mpaka mwanga wa zenoni ukalala chini, upande wa kulia, umekatwa mstari ulionyooka kabisa. Madereva wa malori walikuwa wakimpigia honi ya ahsante.

Melis akachomoa balbu hizo na kuchomeka za LED alizoagiza kwa simu, kila moja na kifeni chake nyuma. Kifeni kilizidi nafasi, mfuniko wa nyuma wa taa ukagoma kufunga. Fundi angesimama kidogo ajiulize kwa nini. Yeye alitupa mifuniko yote miwili kwenye buti, balbu za zenoni akazitupa pipani, akaenda kutafuta shela.

Mimi nilizitoa pipani. Nilizishika kwa makalio yake ya chuma, bila kugusa kioo kwa vidole, nikazifunga ndani ya soksi safi ya sufu.

Basi shela likavutwa. Mwanga ukaruka ukutani, mweupe wenye ubuluu, ukajaa ukuta wote na kupanda hadi dirishani kwa jirani. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Ule mstari wa Baba haukuwepo tena. Mwanga ulikuwa umetapakaa kama uji uliomwagika, mwingi na usiokwenda popote.

"Zinafaa sana, shemeji," nikasema. "Siku ukipata safari ya kwenda ukutani, utafika salama."

"Wivu huo. Toa korumduk."

Nikampa kidonge kimoja cha kurut, maziwa mgando yaliyokaushwa yakawa kama jiwe, nikamwambia ajihadhari na meno. Wengine wakatoa peremende, wengine noti za som ishirini. Kisha Baba akasogea. Alisimama karibu kabisa, uso wake umeoga mwanga, akaweka kiganja juu ya kioo cha taa na kukiacha hapo kitambo.

"Nauona," alisema. "Mwanga nauona."

Baba alikuwa hajatamka neno hilo kwa miezi. Nilitaka kulia, na papo hapo nilitaka kumpiga Melis kwa kifeni chake. Kisha Baba akapapasa mshipini, akachomoa ufunguo wa karakana.

"Korumduk yangu ni hii," akasema. "Jumamosi tutakuwa Kochkor kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu. Nitasimama mbele ya ndugu zangu wote niseme karakana ni ya Melis."

Watu wakapiga makofi. Melis akaubusu ufunguo. Na mimi, ndivyo nilivyo, nikacheka na kusema kwamba sasa karakana itakuwa na mapazia.

Jumamosi tuliondoka saa saba mchana. Melis aliendesha, Baba alikaa mbele upande wa kushoto, mimi na Sonun nyuma, beseni la maandazi ya boorsok limelala magotini mwetu. Nilitazama mbingu juu ya mlima wa Dolon na nikajua theluji inakuja. Nilijua pia kuwa balbu ya zenoni hupasha kioo joto kidogo, na kuwa hilo kidogo ndilo hulegeza theluji. LED mbele ni baridi. Joto lake lote huishia nyuma kwenye kifeni. Ningeweza kusema. Soksi yenye zile balbu ilikuwa sakafuni, karibu na miguu yangu. Lakini nilitaka aaibike kabla ya sherehe, na aaibike vizuri, mbele ya Baba. Sijivunii hilo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Theluji ilitukuta tulipoanza kupanda. Mara ya kwanza ilikuwa vumbi tu, mara ikawa nene na ya kunata, na saa tisa alasiri mlima ukawa giza. Taa za Melis zilimulika theluji yote iliyokuwa mita tatu mbele yetu, kwa ustadi mkubwa. Baada ya hapo hakukuwa na barabara. Kisha hata mwanga huo ukaanza kufifia.

"Betri," alisema Melis.

"Theluji imeganda juu ya taa, shemeji. Shuka ufute."

Alishuka akafuta kwa mkono wa koti. Tukaenda kidogo, akashuka tena. Mara ya tatu alirudi pua nyekundu.

"Theluji ya leo ya ajabu," alisema.

"Ni theluji tu. Huja kila mwaka, labda ulikuwa unaangalia video."

Sonun akanifinya paja.

Alipofuta mara ya nne tulikuwa karibu na kona. Taa zikawaka wazi, na unyevu ulioingia nyuma, pale pasipo na mifuniko, ukautawanya mwanga kila upande. Lori likatokeza konani. Nilimwona dereva akiinua mkono kujikinga macho. Lori likafunga breki, likateleza polepole, kiubavu, kama lisilo na haraka, na kusimama. Bampa lake lilikuwa mkono mmoja kutoka mlango wa Baba.

Boorsok zilikuwa zimemwagika miguuni.

Dereva alishuka, jitu la mabega, kofia ya manyoya imekaa upande. Akaja akagonga kioo cha Melis.

"Nani kafunga hizi taa?"

"Ndugu yangu, hali ya hewa..."

"Sikuulizi hewa. Nauliza fundi. Nimepofuka kabisa, kidogo nimuue huyu mzee. Fundi wenu nani, nimwone uso."

Melis alimtazama. Aliyatazama mabega. Kisha akageuka, akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa. Shemeji yangu ndiye fundi wa karakana yetu. Kila kitu hufunga yeye. Mimi dereva tu."

"Melis," alisema Sonun. Alisema hilo jina tu, na aliposema ilikuwa kama anaweka chini mzigo alioubeba miaka saba.

Nilikuwa na maneno ya kumjibu, mengi, yamenolewa. Nikafungua mlango nikashuka.

"Kweli," nikamwambia dereva. "Fundi ni mimi. Kazi hii mbovu imetoka karakana yangu na nairekebisha sasa hivi. Una tochi?"

Alitegemea nilie au nibishane. Akanitazama mikono, akaona kovu na mafuta yaliyokataa kutoka kwenye kucha, akaleta tochi.

Nilizima taa, nikamwambia Melis atoe ufunguo wa gari na asiguse kitu, maana umeme wa zenoni hauna utani. Nikafungua boneti. Vidole vilikufa ganzi baada ya dakika mbili. Nikachomoa LED ya kwanza na kifeni chake, nikafuta unyevu kwa leso, nikatoa balbu kwenye soksi. Pete ya kuibania ilikuwa imepindishwa na mtu mwenye nguvu na asiye na subira. Nikainyoosha kwa koleo langu. Dereva alishika tochi kimya, akiihamisha kabla sijamwambia, na hapo nikajua naye amewahi kutengeneza mambo yake njiani.

Baba alikuwa ameshuka. Alikuja akipapasa ubavu wa gari mpaka taa ya pili, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Baridi," alisema. "Siku ile pia kilikuwa baridi. Taa imewaka muda wote ule na kioo baridi."

Koleo likasimama mkononi mwangu.

"Ulijua?"

"Nimepofuka macho, binti, si mikono."

"Ukajua, na bado ukampa ufunguo?"

"Nimpe nani mwingine?"

Sikuamini masikio yangu. Nilihisi hasira mpaka kwenye meno. "Baba, nani anafanya kazi pale? Nani hufungua asubuhi? Huyu hajui hata..."

"Najua asichojua. Umenisimulia miaka saba, kila siku, na nimecheka kila siku." Theluji ilikuwa inamtua kwenye nyusi na hakuifuta. "Nimekusikia ukimcheka Melis. Sijakusikia hata mara moja ukisema unaitaka karakana. Nikasema labda mtoto ana ndoto zake, labda ataolewa Bishkek, amechoka na grisi za babake. Siku ile nimetoa ufunguo mbele ya watu, nikangoja useme. Ukasema nini?"

Nilikumbuka nilichosema. Mapazia.

Nimezoea kuwa na jibu. Watu wa mtaani hunijia kwa ajili ya majibu yangu, huyarudia sokoni. Hapo mlimani, na balbu ndani ya soksi, sikuwa na hata moja. Niliinama nikafunga ya pili, nikabana pete, nikaenda kwenye buti nikatoa mifuniko aliyoitupa Melis na kuifunga yote miwili. Iliingia bila ubishi.

"Naitaka," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Naitaka karakana, Baba."

"Washa taa."

Nikawasha. Zenoni huanza kwa kusitasita, rangi ya zambarau, kisha hukaa sawa. Mwanga ukalala chini barabarani, upande wa kulia, na ule mstari wa bati la kopo la chai ukaonekana juu ya theluji, umenyooka. Dereva wa lori akatoa sauti kooni. Akavua glavu, akatia mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, chenye mpini wa pembe, akaniwekea kiganjani.

"Korumduk," alisema. "Sijawahi kuona fundi mwanamke."

Baba akageuza uso kuelekea aliposimama Melis. Macho yake hayakumpata sawasawa, lakini Melis alirudi nyuma hatua moja.

"Na wewe mkwe wangu? Umemtambulisha fundi mbele ya watu kwa kinywa chako mwenyewe. Korumduk yako iko wapi?"

"Nina mia tano hapa, Baba," alisema Melis, akaanza kujipapasa haraka. "Nina elfu moja."

"Mimi kwa taa zako sikukupa pesa."

Upepo ulipita. Melis alimtazama mkewe. Sonun alikuwa ameinama mlangoni, anaokota boorsok moja moja na kuzirudisha kwenye beseni, na hakuinua kichwa. Basi Melis akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akautoa ufunguo wa karakana na kuuweka juu ya kisu.

Ulikuwa na joto la kifua chake. Niliufungia ndani ya soksi, nikaketi nyuma ya usukani, nikavuta kiti mbele. Melis alibaki amesimama kwenye theluji, hajui aende upande gani.

"Kaa nyuma, shemeji," nikamwambia. "Ushike beseni."